Askari Akiumia Kazini, Deni ni la Nani?

(Yafuatayo ni maelezo ya mwandishi wetu mbele ya mkutano wa walimu na watumishi wa umma jijini Mwanza.)



Nimetakiwa nizungumze juu ya haki za askari polisi na askari wa zimamoto wanaoumia wakiwa kazini. Najua kwamba baadhi yenu mlitumaini kusikia habari za mishahara na kupandishwa madaraja. Mnisamehe. Hayo yana wasemaji wengi, na hayakosi msemaji hata siku moja. Jambo la leo wasemaji wake ni wachache, kwa sababu wenyewe wanaohusika wamefundishwa tangu siku ya kwanza chuoni kwamba askari hupokea amri, halalamiki.

Sisi wakazi wa mwambao wa Ziwa Victoria hatuhitaji kuelezwa hatari ni nini. Mei 21, 1996 meli ya MV Bukoba ilizama ikiwa inakaribia bandari yetu ya Mwanza, ikaondoka na watu zaidi ya 800. Septemba 20, 2018 kivuko cha MV Nyerere, ambacho uwezo wake ulikuwa abiria 101, kilipinduka kikikaribia gati la Ukara. Watu 228 walikufa na 41 wakaokolewa. Novemba 6, 2022 ndege ya shirika la Precision Air iliangukia ziwani karibu na uwanja wa Bukoba ikiwa na watu 43, na 19 kati yao wakapoteza maisha. Hesabu hizi zimo katika vichwa vyetu, na ni vema ziwemo. Lakini katika kila tukio lipo kundi la tatu ambalo ni nadra kulisikia likitajwa, mbali na waliokufa na waliookoka: nalo ni la wale walioingia majini, kwa amri au kwa hiari, kuwatoa wenzao. Yupo kati yao aliyerudi nchi kavu na mkono uliochanwa na bati? Yupo ambaye hadi leo akisikia harufu ya dizeli na maji hushindwa kula? Magazeti, na hapa nalisema na gazeti letu, hayakuuliza sana.

Ndivyo ilivyo pia kwa polisi. Oktoba 2012 Kamanda wa Polisi wa Mkoa huu, Liberatus Barlow, aliuawa kwa risasi hapa hapa mjini, na nchi nzima ilishtuka. Julai 2015 kituo cha Stakishari, Dar es Salaam, kilivamiwa usiku, na askari wanne walikuwa miongoni mwa waliouawa. Aprili 13, 2017 askari wanane waliuawa kwa pamoja huko Mkengeni, Kibiti. Jeneza la askari hufunikwa bendera, viongozi husimama, bunduki hupigwa hewani. Hayo ni heshima anayostahili, wala sina neno juu yake. Neno langu ni juu ya yule ambaye risasi ilimwingia ikamwacha hai. Huyu hakuna anayempigia tarumbeta. Hulazwa wodini, hutembelewa na wakubwa juma la kwanza, na wenzake wa lindo juma la pili. Juma la tatu hubaki na mkewe.

Wala tusidhani kwamba udhaifu huu ni wetu peke yetu. Marekani, nchi yenye mali nyingi kuliko zote, ilipitisha mwaka 1976 sheria ya malipo kwa familia za polisi na wazima moto waliofia kazini. Ilikuwa mwaka 1990, yaani miaka 14 baadaye, ndipo sheria hiyo ilipomwingiza na yule aliyepata ulemavu wa kudumu. Inaelekea kwamba mataifa yote humkumbuka maiti kwanza. Maiti hadai chakula cha kesho.

Sasa tuingie katika sheria yenyewe, maana pasipo sheria tutakuwa tunaomba huruma, na huruma si haki.

Kwa muda mrefu sana nchi yetu ilitumia sheria ya fidia kwa wafanyakazi iliyotungwa na wakoloni katika miaka ya mwisho ya 1940, ile Sura ya 263. Sheria hiyo iliendelea kuishi baada ya Uhuru, ikalipita Azimio la Arusha, ikaupita mfumo wa vyama vingi, na ikaingia nasi katika karne hii mpya ikiwa na viwango vyake vya kizamani: mfanyakazi aliyepata ulemavu wa kudumu hakuweza kulipwa zaidi ya shilingi 108,000, na familia ya aliyekufa haikuweza kupata zaidi ya shilingi 83,000. Narudia ili walimu wa hesabu wanisikie vizuri. Fedha hizo si za mwezi. Ndizo za maisha yote ya mguu usiokuwapo.

Mwaka 2008 Bunge lilitunga sheria mpya, na mwaka 2015 Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi ukaanza kazi Tanzania Bara, kwa waajiri wa sekta binafsi na wa sekta ya umma. Misingi yake ni mizuri, na ni vema kila mtumishi aliyemo humu ndani aijue, kwa kuwa inamhusu yeye mwenyewe kabla ya kumhusu askari. Kwanza, mchango hutolewa na mwajiri peke yake. Mfanyakazi hakatwi hata senti. Pili, haiulizwi ni nani mwenye kosa, bali huulizwa kama mtu ameumia kwa ajili ya kazi. Tatu, gharama za matibabu ni sehemu ya fidia, na asiyeweza kufanya kazi kwa muda hulipwa asilimia 70 ya mshahara wake, kwa kipindi kisichozidi miezi 24. Nne, na hili ndilo ninalolipenda kuliko yote, ulemavu wa kudumu unaozidi asilimia 30 hulipwa kwa pensheni ya kila mwezi. Ule wa asilimia 30 au pungufu ndio unaolipwa kwa mkupuo. Aliyeumia sana hawezi kujihudumia mwenyewe, sheria imeiona hata haja ya malipo kwa ajili ya mtu wa kumhudumia.

Kwa nini napenda malipo ya kila mwezi? Majirani zetu wa Kenya, kwa sheria yao ya mwaka 2007, waliweka kipimo cha mshahara wa miezi 96 kwa aliyekufa au aliyelemaa kabisa. Ni fedha nyingi zikiwa mezani. Lakini fikirieni askari wa miaka 32 aliyekatwa mguu. Mguu wa bandia hutengenezwa Moshi, katika hospitali ya KCMC, ambako kipo na chuo cha mafundi wa viungo bandia, au katika taasisi ya mifupa ya Muhimbili. Mguu huo si kama meno ya tembo. Huchakaa, kisiki nacho hubadilika umbo, na kila baada ya miaka michache sharti utengenezwe mwingine. Kutoka hapa hadi Dar es Salaam ni zaidi ya kilomita 1,000, na mwenye gongo hasafiri peke yake. Kwa hiyo nauli ni za watu wawili, na malazi ni ya wawili. Aliyepewa fedha zake zote akiwa na miaka 32, na ndugu wakajua kwamba amezipata, atakuwa na nini akifika miaka 45? Sisi sote tunazijua familia zetu.

Majeshi yetu yana sheria na kanuni zake, na ni lazima iwe hivyo, kwa kuwa amri ya askari si sawa na barua ya ofisi. Kwa sababu hiyo sisemi kwamba kila jeshi liingizwe katika utaratibu mmoja kwa nguvu. Nasema kwamba kipimo cha askari kisiwe chini ya kipimo cha karani. Ikiwa mpiga chapa aliyevunjika mkono kwa kuanguka ngazini ana pensheni yake kwa mujibu wa sheria, itakuwa ajabu kubwa kama aliyevunjika mgongo akishusha mtoto kutoka ghorofani atategemea harambee ya kikosi. Wanajeshi wa polisi wana chama chao cha akiba na mikopo, nao husaidiana sana. Hilo ni jambo la sifa. Lakini mkopo ni mkopo. Mtu hakopeshwi mguu wake mwenyewe.

Kwa upande wa zimamoto lipo jambo la historia ambalo watumishi wa halmashauri mtalielewa upesi. Zamani wazima moto walikuwa watumishi wa manispaa na majiji. Sheria ya mwaka 2007 iliunda Jeshi la Zimamoto na Uokoaji chini ya Wizara ya Mambo ya Ndani, na waliokuwa watumishi wa Mkurugenzi wakawa askari. Mwaka 2018 nayo mifuko ya pensheni ya watumishi wa umma, ukiwamo ule wa serikali za mitaa, ikaunganishwa kuwa mfuko mmoja, PSSSF. Yote mawili yalikuwa ya lazima. Lakini mwenye uzoefu wa masijala anajua faili huhama vipi: jalada hufika, na karatasi ya mwaka ule mtu alipoumia husalia kule lilikotoka.

Hapo ndipo nilipotaka kufika, kwa kuwa nasema na watu wa mafaili.

Raia akipigwa au akigongwa na gari, huenda kituoni kwanza, akapata PF3, ndipo aende hospitali. Askari wa zamu huandika taarifa, akatoa nambari ya RB, na karatasi hiyo ndiyo itakayosimama mahakamani. Askari wetu, basi, ni hodari wa kuandika majeraha ya wengine. Ya kwake mwenyewe huyaandika? Tuchukue mfano tu. Koplo wa doria ya majini ametoka usiku kufuata majambazi wanaopora injini na nyavu za wavuvi. Boti imepigwa na wimbi, naye ameanguka kwa kiuno juu ya tangi la mafuta. Maumivu yamepoa asubuhi, amemeza vidonge, ameendelea na lindo. Hakuandika kitu, kwa sababu kuandika kungeonekana uzembe au woga. Baada ya miaka mitatu mguu wa kushoto unakufa ganzi. Daktari wa Bugando anaona pingili za mgongo zilizoharibika, naye anauliza: uliumia lini? Koplo anakumbuka usiku, anakumbuka na wimbi. Kitabu cha kituo hakikumbuki lolote. Sheria ya fidia nayo imeweka miezi 12 ya kudai tangu siku ya ajali. Mtu huyu hakudhulumiwa na mtu yeyote mwovu. Amedhulumiwa na ukurasa mtupu.

Na huo bado ni mfano mwepesi, kwa kuwa wimbi lilikuwa na siku yake. Yapo madhara yasiyokuwa na siku.

Tuchukue moshi. Mwaka 2022 shirika la kimataifa la utafiti wa saratani, lililo chini ya Shirika la Afya Duniani, liliitamka kazi ya kuzima moto kuwa ni kazi inayosababisha saratani, katika kundi la kwanza, pamoja na tumbaku. Moto wa leo si ule wa nyasi na makuti. Unaunguza magodoro ya sponji, plastiki, rangi, nyaya na mapipa ya kemikali. Mzima moto aliyevuta moshi huo miaka 15 bila kinyago kizuri anaweza kuugua akiwa amekwisha kustaafu, na hakuna atakayeweza kuutaja moto uliomdhuru. New York waliyaona haya baada ya Septemba 11, 2001. Siku ile walikufa wazima moto 343. Lakini katika miaka iliyofuata waliendelea kuugua wale waliochambua kifusi. Ilihitajiwa sheria maalumu iliyopitishwa mwaka 2010 na kupewa jina la James Zadroga, mpelelezi wa polisi aliyefariki mwaka 2006, ndipo matibabu yao yakawa ni wajibu wa dola. Na fidia yao ilitengemaa kwa muda mrefu mwaka 2019, baada ya wagonjwa wenyewe kwenda kuketi mbele ya wabunge. Miaka mingi ilipotea katika kudaiwa ushahidi ambao mgonjwa hawezi kuwa nao.

Sisi tunao moshi, na zaidi ya moshi tunayo maji. Kila mwalimu wa sayansi hapa anaijua kichocho. Mwambao huu wa ziwa ni miongoni mwa sehemu zenye kichocho kingi nchini. Vijidudu vyake hutoka kwa konokono na kupenya ngozi ya aliyesimama majini. Wanafunzi wetu hupewa dawa shuleni, na ni jambo jema. Lakini askari wa wanamaji na waokoaji wa zimamoto huingia katika maji hayo kama mwalimu aingiavyo darasani. Kichocho kisipotibiwa huharibu ini polepole, bila kelele, mpaka siku mtu anapotapika damu. Je, ini la askari aliyefanya kazi ziwani miaka 20 ni ugonjwa wa nyumbani au ugonjwa wa kazini? Kwangu mimi jibu ni dhahiri. Anayepangiwa kazi ya majini apimwe siku ya kuingia, apimwe na kutibiwa kila mwaka, na matokeo yawekwe katika jalada lake. Gharama ya dawa yenyewe ni ndogo mno. Halafu akiugua ihesabiwe kwamba kazi ndiyo iliyomwuguza, na mwajiri ndiye aonyeshe vinginevyo akiweza. Utaratibu wa namna hiyo hupunguza mabishano, na huyapunguza pale ambapo mgonjwa hana nguvu ya kubishana.

Juu ya bima ya afya nitapita upesi. Mfuko wa Taifa wa Bima ya Afya ulianza kazi mwaka 2001, na mtumishi huchangia asilimia 3 ya mshahara, mwajiri naye asilimia 3. Mwaka 2023 Bunge likapitisha Sheria ya Bima ya Afya kwa Wote. Kadi ni jambo jema. Ila kadi inayotokana na mshahara huufuata mshahara, na askari anayeondolewa jeshini kwa ugonjwa huupoteza mshahara, nyumba ya line na cheo kwa barua moja. Kwa hiyo, bodi ya madaktari inapokaa kuamua kwamba fulani hafai tena kwa kazi, katika kikao kile kile iandikwe ni nani atakayeilipia kadi yake, ya mkewe na ya watoto wake, kuanzia tarehe ipi. Asitoke mtu katika mlango ule akiwa hana jibu hilo mkononi. Na kabla ya kumtoa, itafutwe kazi anayoiweza. Sheria ya watu wenye ulemavu ya mwaka 2010 inamtaka mwajiri mwenye wafanyakazi 20 au zaidi awe na watu wenye ulemavu wasiopungua asilimia 3. Chumba cha simu za dharura, masijala, ghala la silaha, chuo cha mafunzo: kote huko pana nafasi ya mtu mwenye akili timamu na miguu mibovu.

Nimeambiwa mara nyingi kwamba fedha hazitoshi. Serikali inaponunua gari la zimamoto huweka fungu la mafuta, la matairi na la matengenezo, na hakuna mhasibu anayeshangaa. Gari hilo likifika chini ya vilima vya Mabatini au Igogo husimama, kwa kuwa kati ya yale majabali na nyumba hamna njia. Askari hushuka, hubeba mpira begani, hupanda kwa miguu gizani juu ya mawe yaliyolowa. Naye ana matengenezo yake. Ni ajabu kwamba tunayakumbuka ya gari tu.

Wapo na wanaosema: polisi hao hao si ndio wanaotupiga? Swali hili halifai kukwepwa, hasa katika kanda yetu. Mwaka 1976 watuhumiwa waliteswa na wengine kufa mikononi mwa vyombo vya usalama huko Shinyanga na Mwanza, na mwaka uliofuata Ali Hassan Mwinyi, aliyekuwa Waziri wa Mambo ya Ndani, alijiuzulu kwa kuwajibika. Askari mwovu ashitakiwe, na afungwe. Lakini hatujapata kusema kwamba mwalimu bora asilipwe pensheni kwa kuwa mwingine aliiba karo. Naongeza kwamba askari aliyehakikishiwa matunzo akiumia hana haja kubwa ya kuitafuta bima yake barabarani, katika mifuko ya madereva.

Limebaki suala la raia wanaotangulia. Kule Ukara waliofika kwanza walikuwa wavuvi na wanakijiji. Kule Bukoba walikuwa wavuvi vilevile. Kijana Majaliwa Jackson alijitosa akiwa na kasia, akaumia hata akazirai, akazindukia hospitali. Waziri Mkuu alimtaja mbele ya waombolezaji, akapewa shilingi milioni moja, na Rais akaagiza apatiwe nafasi katika Jeshi la Zimamoto na Uokoaji. Nilifurahi kama nyote mlivyofurahi. Lakini kilichomtunza Majaliwa ni macho ya viongozi na kamera za siku ile. Angevunjika uti wa mgongo, kazi ile ya uokoaji angeifanyaje? Na mvuvi aliyeumia usiku, katika kisiwa kisicho na mpiga picha, adai kwa nani? Inafaa iandikwe katika sheria kwamba raia yeyote aliyeumia akisaidia uokoaji, kwa ombi la askari au katika dharura iliyo wazi, ahesabiwe siku hiyo kuwa ni mtumishi wa umma.

Ndugu Mwenyekiti, hayo ya kutunga sheria ni ya Bunge. Ya kwetu yanaweza kuanza Jumatatu. Maofisa utumishi mliomo humu, pamoja na wenzenu wa vikosi, fungueni majalada ya askari walioumia tangu mwaka 2015 hadi leo, mwone ni wangapi wana taarifa ya ajali, cheti cha daktari na jina la shahidi. Walimu, mnao watoto wa askari hao madarasani, na mara nyingi ninyi ndio wa kwanza kujua kwamba baba hatoki tena kitandani. Mwiteni mama, mwulizeni kama fomu imejazwa, na kama hajui kusoma lugha ya fomu, msomeeni. Fomu iwe na nakala tatu: moja ya kituo, moja ya mfuko unaohusika, na ya tatu akae nayo mke nyumbani, ndani ya sanduku, pamoja na vyeti vya kuzaliwa vya watoto.